Kamba ya Shemeji

Watu hudhani kazi ya majitaka inataka pua ngumu. Pua si kitu. Pua huzoea, na hata pua ya mkurugenzi wetu, ambayo haijawahi kuukaribia mfuniko wowote, ingezoea mapema sana kama tumbo lingeilazimisha. Kinachotakiwa ni mtu wa juu. Wewe unashuka kwenye chemba na buti zako, umevaa mkanda wa mabegani, umefungwa kamba mgongoni. Yeye anabaki ukingoni, kwenye jua na hewa, ameshika upande wa pili wa kamba hiyo, ambayo imepitishwa kwenye kapi lililosimama kwa miguu mitatu ya chuma. Ukizidiwa, anakuvuta. Akisinzia, unazikwa. Hiyo ndiyo kazi yote, mengine ni uchafu tu.

Mtu wangu wa juu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na tulikuwa tumenuniana.

Ugomvi wenyewe ulianzia harusini. Alipoolewa mdogo wao wa mwisho, shemeji alipewa jukumu la kupanga wageni, na jukumu likamlevya kuliko kinywaji. Alivaa suti mpya, akajimwagia marashi ambayo yangetosha kuosha gari. Mimi nilikuwa nimeoga asubuhi, nikaoga tena mchana, nikajisugua kwa ndimu hadi ngozi ikawasha, kisha nikakaa meza ya mbele pamoja na wazee, kama mkwe mkubwa anavyostahili. Hata sijakaa vizuri, shemeji akaja, akainama sikioni mwangu. Aliniomba nisogee nyuma kidogo, kule karibu na jenereta, kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwa wageni.

Sasa fikiria mwenyewe. Mtu huyo ni mimi niliyemwombea kazi. Anapanda gari lile lile ninalopanda, anatoa buti kwenye kabati lile lile, na sabuni tunayonawia ni mche mmoja tuliougawana kwa kisu. Wanasema nyani haoni kundule, lakini huyu hakuliona lake na bado akapata nguvu ya kunionyesha langu. Nilinyanyuka, nikazipita meza za nyuma, nikalipita jenereta, nikaendelea kutembea hadi nyumbani na suti yangu. Tangu siku hiyo sikumpa salamu, naye kwa kiburi cha ukoo wao hakuidai.

Kazini tungeweza kuomba tutenganishwe. Lakini anayetangulia kuomba ndiye aliyeshindwa, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kushindwa mbele ya mwenzake. Kwa hiyo kila asubuhi nilimgeuzia mgongo, naye akanifunga kamba bila neno, akaivuta kulijaribu fundo, nami nikashuka.

Ipo lugha ya kamba. Hufundishwa siku ya kwanza kazini na kusahauliwa siku ya pili. Mtu wa juu akivuta mara moja, anauliza: upo? Wa chini akivuta mara moja, anajibu: nipo. Mara mbili ni legeza. Mara tatu mfululizo ni nitoe. Timu nyingine hawana habari nayo. Wao hupigiana kelele kupitia mdomo wa chemba, huulizana matokeo ya mpira na habari za mke wa nani kaondoka, na kamba inakaa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Sisi midomo tulikuwa tumeifunga, ikabaki kamba. Aliuliza, nikajibu. Akauliza tena, nikajibu tena. Nikichelewa kidogo, hata kama ni kwa sababu ya chafya, nilihisi mkanda unanibana kwapani na buti zinaanza kuachana na sakafu.

Sitasema uongo, nilianza kumfahamu shemeji kuliko nilivyomfahamu zamani alipokuwa akinijaza maneno. Mtoto wake alipougua, kamba ilikuwa inauliza kila mara, kama mtu anayechungulia mlangoni. Alipoumwa jino, ilivuta kwa hasira. Na kamba ilikuwa na adabu kuliko mdomo wake. Haikuwahi kuniambia nikae karibu na jenereta.

Siku moja wakati wa chai nilikuwa nyuma ya gari la kunyonyea, nikamsikia akizungumza na dereva wetu. Dereva, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kulala kwenye kiti chake, alikuwa akimtania kwamba anamkodolea macho shemeji yake shimoni kama mchumba.

"Wewe unacheka," shemeji alimjibu. "Watu wote wanajua sisi hatusalimiani. Yule akifa mkononi mwangu nani ataniamini? Rafiki akikuua ni ajali, bwana. Adui akikuua ni kesi."

Nilikunywa chai yangu nikitabasamu. Tangu hapo nilishuka shimoni nikiwa na raha ya mtu aliyekatiwa bima. Si kila mtu ana adui anayemwombea uzima kutwa nzima.

Na uzima ulihitaji kuombewa. Idara ilikuwa na kipima gesi, hilo siwezi kukana. Kililetwa kwa hotuba, mkurugenzi akapigwa picha amekishika, kisha kikafungiwa kwenye kabati la msimamizi kisije kikachafuka. Kipimo chetu sisi kilikuwa pua. Harufu ya mayai viza ikikupiga usoni, mshukuru Mungu, maana bado unaisikia. Hatari ni pale inapotoweka ghafla nawe ungali chini. Gesi haijaenda popote. Iliyokufa ni pua, na mwenye pua yuko njiani kuifuata.

Msimamizi naye alitupenda. Mtu wa makaratasi, lakini si mbaya. Alipita siku moja, akatutazama tukifanya kazi kimya, akarudi ofisini akawaambia wengine waige mfano wetu, watu wasio na porojo. Hakujua kwamba mfano wake mwema ulikuwa ni kinyongo.

Vita vilikuwa nyumbani. Shemeji hakuacha kuja kumwona dada yake, na mimi sikuwa na haki ya kumfungia mlango. Alikaa sebuleni mwangu, akamwambia mke wangu, "Mwambie mumeo asogeze miguu, napita." Nami nikauambia ukuta kwamba anayetaka kupita ana mdomo. Watoto walikuwa wakijifunika mito wacheke. Mke wangu hakucheka. Alikuwa akiamka mapema kuliko mimi, ananitazama nikifunga kamba za viatu, na kila asubuhi neno lake lilikuwa lile lile: ipo siku kaka ataikumbuka hasira yake vibaya na mkono utalegea. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hasira ndiyo inayoukaza. Hakunielewa. Aliniambia wapiganapo fahari wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi ni yeye, amebakiza kaka mmoja na mume mmoja na wote wamening'inia kwenye kamba moja.

Ndipo akaja mama mkwe. Alikuja kutibiwa magoti, lakini magoti yalisahaulika siku aliyosikia habari zetu. Alituita sebuleni sote wawili, akatukalisha kochi moja, tukabanana mabega kama watoto waliovunja kioo.

"Mimi nina mtoto mmoja wa kiume," alisema, "na mkwe mmoja wa maana. Sasa nasikia mmoja anamfunga mwenzake kamba kila asubuhi na hata salamu hampi. Hivyo ndivyo wanavyofungwa mbuzi. Watu husemeshwa."

Shemeji alitazama vidole vyake vya miguu, akasema kwamba siku ile ya harusi upepo ulimchanganya, na kwamba kama kuna aliyenuka pale mbele basi ni wote, yeye akiwa wa kwanza. Nilisema yamekwisha. Tukapeana mikono. Mke wangu akaanza kigelegele, kikamkatikia katikati kwa kilio, akanikumbatia mimi, akamkumbatia kaka yake, akanirudia mimi. Sikuwa nimemwona na uso ule muda mrefu. Mimi si jiwe. Nilifurahi hadi nikaona aibu kwamba nilimnyima furaha hiyo kwa sababu ya meza ya harusi.

Kesho yake shemeji alinifunga kamba huku akiniuliza nimelalaje. Hapo bwawa likapasuka. Mtu yule ni msimuliaji, tena hodari, na hadithi zote alizozihifadhi wakati wa kununiana alizileta kazini. Alikaa ukingoni mwa chemba amening'iniza miguu, akazimimina kwangu moja baada ya nyingine. Nami chini niliitikia na kucheka, sauti yangu ikirudi kutoka kwenye mabomba kama wanaocheka ni wengi. Dereva alisema sasa kazi imekuwa kama redio, naye alilala vizuri zaidi. Kamba haikuuliza tena sana. Ya nini iulize, na mwenyewe anasikika akicheka?

Mambo yaliharibika kwenye chemba ya nyuma ya soko. Ilikuwa imeziba kwa mafuta yaliyoganda, nywele za kusukia na vitambaa, donge zima limejishindilia kwenye mdomo wa bomba. Nilikuwa nalichokonoa kwa fito. Juu, shemeji alikuwa anaanza hadithi ya mama yake hospitalini, alivyopewa kichupa cha kupimia mkojo, akapata tone dogo tu, akaona ni kumdharau daktari kumpelekea kichupa kitupu. Nilikuwa nimekwisha kutabasamu kabla hajafika mbali. Donge likaachia. Maji ya nyuma yakasukuma, tope la chini likatibuka, na harufu ikanipiga kofi. Halafu ikatoweka.

Nilijua mara moja. Sikuwa na pumzi ya kuita, kifua kilikuwa kimejifunga. Nikaishika kamba, nikavuta mara tatu. Ikajibiwa kwa mvuto mmoja, wa upole, na sauti ya shemeji ikaendelea. Nikavuta tena tatu, ya tatu kwa nguvu zangu zote zilizobaki. Sauti ikaendelea. Magoti yakaniishia. Nakumbuka niliwaza kwamba mke wangu alikuwa amekosea kidogo tu: si hasira ya kaka yake iliyoniua.

Mwisho wa hadithi nilikuja kusimuliwa baadaye. Mama mkwe alikijaza kile kichupa maji ya bomba, na daktari akamwambia hajawahi kuona figo safi namna ile. Shemeji alifika hapo, akanyamaza kusubiri nicheke. Sikucheka. Kwa msimuliaji mwenye sifa zake hilo ni tusi, maana huo ndio utamu wenyewe. Akarudia ile sehemu ya figo kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Ndipo alipochungulia.

Alinivuta peke yake, dereva akiwa usingizini na vioo vimefungwa. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye kando ya barabara, shavu juu ya lami ya moto, natapika. Bwana mmoja aliyevaa tai alisimama hapo na leso puani, akatwambia tulifunike hilo shimo, tunawakera wapita njia. Shemeji alikuwa amepiga magoti, viganja vyake vimechubuliwa na kamba, machozi yanamtiririka na kamasi zake.

"Shem," alisema, "nilidhani unacheka."

Sikuelewa. Akanieleza huku akilia. Alizihisi zile mara tatu. Alizihisi vizuri kabisa. Alifikiri natikisika kwa kicheko, nikaivuta kamba kumhimiza afike kwenye utamu. Akajibu kwa mvuto mmoja kuniambia ngoja, utamu unakuja.

Nilikaa kitako. Nilitaka kumkasirikia na hasira haikuja, kwa sababu yale aliyosema yalikuwa kweli: siku yoyote nyingine ningekuwa nacheka. Niliona tu jinsi kifo kilivyokuwa rahisi na cha kipuuzi, nikaogopa kuliko nilivyoogopa chini.

"Zamani sikuwa napepesa macho," shemeji alisema. "Tulipokuwa tumenuniana. Hata nzi akinitua usoni sikumfukuza."

"Najua."

"Basi tununiane, shem."

"Tununiane."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Tulikaa hivyo kidogo, magari yanapita.

"Ndiyo tumeanza?" aliniuliza.

Sikumjibu. Akashusha pumzi, akaanza kukunja kamba.

Kumwambia msimamizi hakukuwezekana. Mtu wa juu aliyepuuza ishara ya mara tatu hufukuzwa siku hiyo hiyo, na shemeji ana watoto. Kumwambia mke wangu kulikuwa kubaya zaidi. Angejua kwamba kaka yake aliyemlilia na kumkumbatia alikuwa karibu kumfanya mjane kwa hadithi ya mkojo wa mama yao, na angekwenda kwa msimamizi kabla sijavua buti. Kwa hiyo tukafunga midomo, juu ya hilo na juu ya mengine yote. Kamba ikarudi kazini. Iliuliza, nikajibu. Iliuliza zaidi kuliko zamani, na nilipopanda jioni nilimkuta shemeji macho mekundu kama aliyekuwa anasaga pilipili. Hatukusalimiana. Nilimpenda siku hizo kuliko wakati wowote wa maisha yetu, na sikuwa na namna ya kumwambia bila kuhatarisha maisha yangu.

Nyumbani tulijaribu kujifanya tunasemezana. Tulishindwa. Kununa si koti, kwamba utalivua mlangoni na kulivaa tena kesho. Shemeji akiniuliza habari za kutwa, nilimwona yule wa ukingoni, naye aliniona mimi nikiwa kwenye lami, na wote tukatazama sahani. Kisha mke wa mfanyakazi mwenzetu alikutana na mke wangu dukani, akampa pole kwamba sisi tumerudia yale yale.

Mama mkwe hakuwa amepona magoti, na hakuchelewa kutuita. Kochi lile lile, mabega yale yale, lakini safari hii mke wangu alisimama mlangoni na hakutaka kukaa. Mama aliuliza ni nani aliyeanza. Niliona shemeji anavuta pumzi, nikajua anataka kumwaga yote pale mbele ya mama yake.

"Wewe nyamaza," nilimwambia. Kisha nikamgeukia mama mkwe. "Ni mimi. Ile ya harusini haijanitoka rohoni, mama. Mkono nilitoa kwa heshima yako tu. Huyu mtoto wako simpendi, na sitampenda."

Shemeji aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, mabega yakawa yanatikisika. Mama alidhani ni uchungu wa kutukanwa, akamwekea mkono mgongoni, akanitazama mimi kama kitu kilichotoka kwenye chemba. Alisema hajui binti yake alikuwa anatazama wapi siku aliyonikubali. Nilivumilia. Ambacho sikuweza kuvumilia ni mke wangu, ambaye hakunigombeza. Alinitazama tu kwa huruma, kama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake, akaingia chumbani.

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi. Mwanamke yule alivaa nguo zake za kwendea kwa watu, akamweleza wazi kwamba mumewe anashikiwa kamba na mtu anayechukiana naye, kwamba halali usingizi, na kwamba jambo likitokea damu itakuwa juu ya idara. Aliniokoa kwa moyo wake wote. Msimamizi alishtuka kujua watu wake wa mfano ni wa namna gani. Aliniita, akanisomea maneno mawili matatu kuhusu usalama mahali pa kazi, akaniambia shemeji anahamishiwa kwenye kituo cha pampu, akatazame mishale ya mitambo. Nilimsihi. Nilimwambia hapa mjini hakuna mtu wa juu kama yule, nikaapa, nikakaribia kupiga magoti. Alinitazama kwa upole.

"Mkeo aliniambia utamtetea," alisema. "Ni mambo ya ukweni, nayaelewa. Nimekupa mtu mzuri. Huyu hana adui duniani."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu wangu mpya tulimwita Redio. Uso wa furaha, meno yote nje, anasalimia hadi paka. Alikuja na chai kwenye chupa, akanimiminia mimi kwanza. Alikuwa mtoto wa mzee mmoja marehemu, fundi wa zamani wa idara, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii mimi mwenyewe. Mzee yule alikuwa akilaza bomba kwa mteremko ambao maji yanajua yenyewe pa kwenda. Mabomba yake hayazibi. Wengi wetu tuliopata jina mjini tulilipata kwa kusema tu kwamba tulikuwa wanafunzi wake.

Redio alinifunga kamba huku akiimba. Mbele yetu chemba ilikuwa wazi, harufu inapanda taratibu. Aliniambia anayo hadithi moja ya jirani yake na fundi cherehani, nikishuka tu ataianza, nitavunjika mbavu. Nilimwomba asinisemeshe nikiwa chini. Alicheka, akasema kazi bila stori inachosha. Nikamweleza lugha ya kamba, mara moja, mbili, tatu. Akasema anaijua, anaijua, huku akimpungia mkono muuza magazeti ng'ambo ya barabara. Kamba ilikuwa imelala mapajani mwake.

Nilikaa ukingoni, miguu ndani. Nilimfikiria mke wangu, ambaye asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa amelala mpaka jua likatoka. Nilitafuta kosa la kijana huyu na sikulipata. Hakuwa na baya. Ikanibidi nitumie zuri lake.

"Unajua kwa nini bomba hili linaziba?" nilimuuliza. "Alililaza baba yako. Hakujua kupima mteremko hadi anakufa. Vyeo alipewa kwa kujipendekeza, na sisi tunazoa uchafu wake mpaka leo."

Alidhani natania. Akasubiri nicheke. Sikucheka, nikayarudia maneno yale yale polepole, nikaongeza na mengine ambayo siwezi kuyaandika, na kila moja lilikuwa uongo. Meno yakaingia ndani. Uso ukawa mweusi, kisha ukatulia kabisa. Muuza magazeti alimwita kutoka ng'ambo na hakugeuka. Aliiokota kamba mapajani, akaizungusha kiganjani, akaikaza hadi nikahisi mabega yangu yananyanyuka. Macho aliyonikazia hayakupepesa.

"Shuka," alisema. "Ila utatoka humo. Nitahakikisha unatoka salama, halafu utanirudia hayo maneno hapa juu."

Nikamwomba mzee wangu msamaha kimoyomoyo, nikashuka.